Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Picha ya Kipunji na Sanduku Letu la Kumbukumbu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayaeleza mhazini, na hesabu zimeshakaguliwa. Wenye deni la ada wanajijua, katibu anawafuatilia. Mimi naomba nizungumzie zaidi jambo moja: sanduku letu la picha.

Kamati ilipolifungua mwaka huu ilikuta picha ya karatasi ya kipunji, yule kima adimu wa misitu yetu, ya miaka ile watafiti walipokuwa wakipanda na kushuka Mlima Rungwe. Mnyama ameketi kwenye tawi, uso mweusi tii, nywele za utosini zimesimama kama shungi, mkia unaanza na rangi ya kahawia na kuishia na weupe uliofifia. Pembe moja ya picha imeharibiwa na unyevu. Nyuma hakuna neno hata moja: si mwaka, si mahali, si jina la aliyepiga.

Wanachama vijana huenda wasielewe kwa nini hili limeniuma, kwa hiyo nieleze. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji tangu zamani, na wapo waliodhani ni hadithi tu, maana ana woga na huishi juu mitini kwenye misitu yenye baridi. Watafiti wa WCS, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport, waliyachukulia maneno ya wawindaji kwa uzito, wakamwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata, kundi jingine akiwemo Trevor Jones likamkuta msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, bila habari za wenzao wa Rungwe. Mei 2005 wote kwa pamoja wakamtangaza kwenye jarida la Science.

Walimtangaza bila ngozi wala fuvu. Walikuwa na picha, sauti zilizorekodiwa na maelezo ya walichokiona. Desturi ya sayansi ni kuweka mnyama mwenyewe kwenye jumba la makumbusho, hivyo baadhi ya wataalamu walipinga: picha inawezaje kubeba jina la spishi nzima? Jibu la upande wa pili lilikuwa kwamba mnyama adimu kiasi hiki hafai kuuawa ili apewe jina. Mimi nauunga mkono upande huo kwa moyo wote. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima karibu na Rungwe, na mwili wake ndio uliowezesha uchunguzi wa vinasaba. Ikaonekana ana undugu wa karibu na nyani, akatengewa jenasi yake, yaani kundi la kisayansi lililo juu ya spishi, mwaka 2006: Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923, na hii ina jina la mlima wetu.

Basi picha ilisimama mahali pa mnyama. Iliweza kwa sababu wapigaji walijua walikuwa wapi, lini, na walikuwa wakimtazama nani. Ya kwetu imepoteza yote hayo, na haiwezi kumsaidia mtafiti yeyote mpaka tumpate anayeikumbuka.

Zipo nyingine za namna hiyo. Tuna picha za Bujingijila, ule ukanda kati ya msitu wa Rungwe na wa Livingstone, ambazo zingeonyesha miti ilikatwa lini na ilianza kurudi lini. Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, Rungwe na Ndundulu pamoja. Kwa idadi hiyo, kila ushahidi wa mahali walipopita una thamani.

Kamati inapendekeza haya. Sanduku liondolewe sakafuni, kwani mvua za Tukuyu mnazijua. Kila picha itolewe nakala ya kidijitali, kisha ipelekwe kwa wazee waliobeba mizigo na kuongoza njia miaka ile. Watakachokumbuka kiandikwe nyuma kwa penseli laini, kwani wino hupenya karatasi. Majina yao nayo yaandikwe, maana bila wao hakuna ambaye angejua aanzie wapi kumtafuta kipunji.

Baadhi yenu mmeomba fedha zilizobaki zinunue bango la barabarani. Bango linaweza kusubiri mwaka mmoja. Wazee wetu hatuna hakika nao. Naomba hoja ya sanduku ijadiliwe kwanza, na wenye picha nyumbani wajiandikishe kwa katibu kabla ya kuondoka leo.

Mwenyekiti