Barua ya wazi kwa vijana wa pwani wanaotaka kwenda Badin

Wanangu na wajukuu zangu wa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu, assalaam aleikum.

Naziona picha mnazotumiana za Washeedi, watu wenye asili ya Afrika, wa wilaya ya Badin, kule jimbo la Sindh, kusini mwa Pakistan. Wazee wenye sura za kwetu wanapiga mugarman, lile goma refu, na vijana wanacheza. Chini ya picha mnaandika "ndugu zetu waliopotea", na nasikia wapo kati yenu wanaochanga nauli kwenda kuwaona. Nendeni. Ila mimi nimeishi Muscat miaka mingi, nikifanya kazi bandarini na kulala nyumba moja na watu wa Talhar na Tando Bago, miji ya wilaya hiyo ya Badin, kwa hiyo nina la kuwaambia kabla hamjakata tiketi. Watu hawa hawakupotea. Wana kwao, na kwao ni Badin. Asiyeijua Badin hatawajua wao, hata akae nao mwezi mzima akiwapiga picha.

Basi anzeni na ardhi. Wilaya ya Badin iko kusini mwa Sindh, mahali nchi inapoishia. Upande wa kusini kuna hori za bahari na ule uwanda wa chumvi uitwao Rann of Kutch, na ng'ambo ya uwanda ni India. Mashariki inaanza Tharparkar na jangwa lake. Magharibi unaelekea Sujawal na delta ya mto Indus. Zamani yote hii ilikuwa sehemu ya wilaya ya Hyderabad, ikatengwa mwaka 1975. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 6,700, na sensa ya 2023 ilihesabu watu karibu milioni 1.95, wengi mno wakiwa wa vijijini. Zaidi ya tisa katika kila kumi lugha yao ya nyumbani ni Kisindhi.

Nchi yenyewe ni tambarare kabisa na mvua yake ni ya kubahatisha, kwa hiyo kila kitu kinategemea maji ya mfereji. Banio kubwa la Kotri lilifunguliwa mwaka 1955 kwenye mto Indus, na kutoka huko maji yanashuka kwa mifereji kama Phuleli na Akram Wah mpaka Matli, Talhar, Badin mjini na Golarchi. Yakifika wanalima mpunga, miwa, pamba, alizeti na nyanya. Yasipofika hakuna kitu. Na Badin ndiyo mkiani mwa mifereji hiyo. Walioko juu wanachota kwanza, tena wenye nguvu wanachota zaidi ya haki yao, na mtu wa mkiani anaachiwa matope au maji yaliyokwisha kuingia chumvi.

Mwenzangu mmoja wa pale nyumbani, mtu wa upande wa Golarchi, alikuwa akipiga simu kwao kila Ijumaa baada ya sala. Swali lake la kwanza lilikuwa maji yamefika wapi. Hakuuliza kama yamefika. Aliuliza yamefika wapi, kwenye mlango wa nani, na zamu yao ni usiku wa lini. Hapo ndipo alipouliza habari za watoto. Mwanzoni nilimwona baba mgumu, mpaka nikaelewa kuwa jibu la lile swali la kwanza ndilo lililomwambia kama watoto watakula mwaka huo.

Wengi wanaolima si wenye ardhi. Wanaitwa haari: mkulima anatoa jasho, mwenye shamba anatoa ardhi, na mavuno yanagawanywa baada ya kukata gharama ambazo mara nyingi daftari lake liko kwa tajiri peke yake. Deni la mbegu na mbolea linavuka msimu, na baba akifa linamsubiri mwanawe. Golarchi ninayoitaja, kwa jina rasmi, ni taluka, yaani tarafa, ya Shaheed Fazil Rahu. Fazil Rahu alikuwa kiongozi wa wakulima wa sehemu hizo, akauawa Januari 1987, na watu hawakukubali jina lake lisahaulike. Mkilikuta kwenye kibao cha barabarani, mjue mko mahali ambapo watu wamewahi kusimama kudai haki yao.

Sasa nieleze jambo ambalo msipolijua mtaongea ovyo mbele ya watu waliofiwa. Katika miaka ya themanini na tisini ulichimbwa mtaro mkubwa wa kutoa maji ya chumvi mashambani, unaitwa LBOD (Left Bank Outfall Drain), kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengineo. Unakusanya maji ya Nawabshah, Sanghar na Mirpurkhas na kuyapitisha Badin kwenda baharini. Sehemu ya mwisho, kama kilomita 40, ilikatwa moja kwa moja kuelekea hori la bahari. Bahari haikuukubali. Mwaka 1998 kizuizi cha Cholri, kilichojengwa kuyalinda maziwa ya pwani, kilibomoka. Mei 1999 kimbunga kikavunja kingo. Mvua za 2003 zilipokuja, maji ya wilaya za juu yalishuka yote Badin na yakakosa pa kutokea. Wanakijiji wenyewe walipeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia mwaka 2004, na ripoti iliyotoka 2006 ilikubali kuwa mradi ulikuwa na kasoro za kiufundi zilizowaumiza. Kisha yakaja mafuriko ya 2011, na Badin ikawa miongoni mwa waliopigwa vibaya kuliko wote, na tena 2022. Watu hawahawa wanaolilia maji wakati wa kupanda ndio wanaokimbilia kwenye tuta la barabara na mbuzi wao maji ya wengine yanapowajia. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Na wavuvi, hasa Wamallah, waliokuwa wakiishi kwa samaki wa maziwa kama Nurreri, waliona maji yao yakigeuka chumvi tupu.

Kuhusu serikali sitasema mengi, ila msikosee mlango. Wilaya ina taluka tano: Badin, Matli, Talhar, Tando Bago na hiyo ya Shaheed Fazil Rahu. Anayeongoza wilaya anaitwa Deputy Commissioner, lakini msimfikirie kama mkuu wa wilaya wa Tanzania anayeteuliwa na Rais. Huyu ni mtumishi wa serikali wa kazi. Chini yake, kwenye mambo ya ardhi, kuna mukhtiarkar wa taluka, na chini kabisa tapedar, mwenye daftari la mashamba ya kila deh, ile sehemu ndogo kabisa ya ugawaji wa ardhi. Mkulima anaweza kumaliza maisha yake bila kuonana na mkuu wa wilaya, lakini tapedar anamjua kwa jina. Madiwani na halmashauri wapo pia, wa kuchaguliwa.

Na watu wenyewe ni wa namna nyingi. Takriban mtu mmoja katika watano ni Mhindu, na wengi wao ni Wakolhi, Wabheel na Wameghwar, wanaofanya zile kazi nzito kuliko zote za shambani. Msiwapite kama hamkuwaona kwa kuwa mnawatafuta watu weusi.

Nije kwa Washeedi sasa. Babu zao waliuzwa kutoka pwani yetu, wengi kwa njia ya Muscat. Sisi wa pwani tunajua nani aliuza na nani aliuzwa, kwa hiyo tusiende kule na vifua mbele. Wao wameshaandika habari zao bila kutungoja. Muhammad Siddique Musafir wa Tando Bago, aliyezaliwa mwaka 1879, baba yake aliletwa mtumwa kutoka Zanzibar. Mwana akawa mwalimu na mshairi wa Kisindhi, akaandika kitabu kizima kuhusu utumwa na uhuru. Kabla yake kulikuwa na Hosh Muhammad Sheedi, aliyeuawa Machi 1843 kwenye vita vya Dubbo, karibu na Hyderabad, akipigana na Waingereza. Mpaka leo Wasindhi wote, weusi na wasio weusi, wanalirudia neno linalosemwa kuwa lake: tutakufa, Sindh hatuitoi. Na mwaka 2018 Tanzeela Qambrani wa Badin akawa mwanamke wa kwanza Msheedi kuingia Bunge la Sindh. Jina hilo la Qambrani wengi wamelichagua wenyewe, kwa kujinasibisha na Qambar, yule mtumwa aliyeachwa huru na Sayyidna Ali. Mtu akijiita Qambrani, mwiteni Qambrani.

Kwa hiyo nawaomba. Mkikaribishwa, msianze na "kabila lako la Afrika ni lipi". Wengi hawalijui, na kuulizwa mbele ya watoto ni kuwatia unyonge nyumbani kwao. Jifunzeni salamu za Kisindhi kabla ya kuondoka. Mkivishwa ajrak, ile shali ya Kisindhi, mabegani, ipokeeni kwa mikono miwili na msiivue mpaka mtoke. Simu muiweke mfukoni siku ya kwanza. Msiende Aprili wala Mei, joto litawaangusha, wala wakati wa mvua za Agosti. Nendeni Desemba au Januari. Na kitu cha kwanza mtakachouliza kiwe maji ya mfereji mwaka huu yamefika wapi, kisha muwaache waseme.