Chumvi kulowa sio lazima iwe imetiwa maji

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila masika hapa Malindi ugomvi dukani ni ule ule, mtu ananunua chumvi ya mawe, anaiweka jikoni, asubuhi akiamka chini ya bakuli pana maji, basi huyo anarudi mbio kumwambia mwenye duka umetia maji ili mzani uzidi. Jamani, kwani chumvi ni pesa ngapi hadi mtu aiibie maji?

Chumvi ni sodiamu kloraidi. Ikiwa safi haivuti maji ya hewani mpaka unyevu ufike kama asilimia 75, na masika hapa kwetu tunapita hapo, usiku ndio usiseme. Lakini mkorofi hasa ni magnesiamu kloraidi ambayo nayo imo baharini, hiyo ikipata unyevu wa asilimia 33 tu ishaanza kuwa maji, yaani pwani haina siku ya kukauka.

Nendeni mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni mjionee. Maji ya bahari, lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi za kila aina, yanahamishwa kidimbwi hadi kidimbwi jua likiyala, jasi inatangulia kushuka, yakibaki kama sehemu moja ya kumi ndio chumvi yenyewe inaanza kuganda, na kile kimaji cha mwisho, kizito, kinateleza vidoleni, ndio chenye magnesiamu. Kinatakiwa kimwagwe na chumvi isuuzwe kwa maji chumvi masafi. Ikivunwa harakaharaka kinabaki kwenye chembe. Mwenye shaka achovye kidole kwenye maji ya bakulini aonje, akisikia uchungu badala ya chumvi tupu asimsumbue mwenye duka.

Kinachoniudhi mimi ni yale magunia wazi mlangoni, chini kwenye sakafu, yanachuruzika mchana kutwa na watu wanaruka kidimbwi tu. Sheria inataka chumvi ya kula itiwe iodini, na inayotiwa ni potasiamu iodeti, inayeyuka kwenye maji, kwa hivyo gunia likichuruzika na iodini inaenda nayo, mteja anabebeshwa chumvi ambayo haimsaidii tezi la shingo. Wenye maduka wekeni gunia juu ya mbao, ama mimineni kwenye ndoo ya kifuniko, sio gharama hiyo. Na kina mama wenye kutia punje za mchele kwenye kichupa, zinasaidia kiasi, ila kifuniko kibane.

Msomaji wenu,
Malindi