Uchovu wa Mama

Hamburg, 9 Desemba

Mdogo wangu Neema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila huku saa kumi jioni jua limeshazama na mtu unapiga miayo kabla ya chakula cha usiku.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema Mama "amechoka tu" na umeshamnunulia sirapu ya kuongeza damu duka la dawa. Iweke kwanza kabatini. Muulize kaka yako Baraka: mlimani Kilimanjaro, mgeni akilalamika magoti pale kambi ya Mandara, huku chini, anapewa supu, analala, kesho anaendelea. Anayeyumba kama mlevi na kutapika pale kambi ya Kibo, mita 4,720, anateremshwa usiku huohuo, awe amelipa dola ngapi. Na wote wawili wamesema "nimechoka".

Uchovu wa kutoka sokoni Kiboriloni na furushi la mitumba siuhofii. Akilala vizuri Jumamosi, Jumapili utamsikia kwaya. Hapo wewe shika jiko, na shangazi asije siku hiyo na maneno yake ya kesi ya kihamba, shamba la ukoo.

Kuna ule wa tangu msiba wa Baba. Analala sana, anaamka vilevile, kikoba hataki, chakula anakichokoachokoa. Huo ukimwacha kitandani unazidi. Mtoe asubuhi, hata mfike kwa jirani tu mrudi. Ukiendelea wiki mbili karibu kila siku, aonwe na daktari, wala si aibu.

Ila kilichonikosesha usingizi ni kile ulichokitaja juujuu: anatweta kwenye kile kimlima cha nyumbani, moyo unamdunda, na anatafuna udongo kama mjamzito. Mshushe kope la chini umtazame penye mwanga wa dirisha. Pakiwa peupe, usibishane naye. Hata pasipokuwa peupe, mpeleke hospitali ya Mawenzi wakampime wingi wa damu, sukari na presha. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini chini ya 12 ni upungufu. Mweleze daktari hedhi zake zikoje, maana mwenyewe ataona haya, na lazima ijulikane damu inapotelea wapi. Ukianza na sirapu, namba itapanda kidogo na chanzo kitajificha.

Halafu ile chai yake ya kushushia ugali! Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Angoje saa moja hivi baada ya kula. Mchicha mkamulie limau, na dagaa na maini yasikose mkipata.

Akishindwa kupumua hali amekaa, kifua kikimbana au akizimia, msingoje Jumatatu, wala usinipigie mimi kwanza. Kodini gari mwende hospitali ya rufaa ya KCMC.

Hela ya vipimo nimeituma kwenye simu ya Baraka, yako inagoma jina. Mwambie nimesema isionje pombe ya mbege. Majibu yakitoka, nipigie picha karatasi yote, hata pale palipoandikwa vibaya.

Dada yako,
Upendo