Nimekanda wazazi miaka 27, sasa naiogopa mikono yangu

Shangazi, salaam aleikum. Nakuita Shangazi kama wanavyokuita wengine, ingawa nina miaka 54 na huenda nimekupita.

Mimi ni mkandaji, hapa Unguja. Kazi nimeirithi kwa bibi yangu mzaa mama. Mtu akijifungua naitwa, namkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi mpaka arobaini itoke. Maharusi nao nawasinga, yaani nawasugua mwili kwa singo, manukato ya kutwangwa. Mwaka huu binti yangu kanishikilia niingie shule ya masaji, maana hoteli za Nungwi na Paje zinataka cheti, uwe fundi wa namna gani.

Tuko 14 darasani, na hao wengine wote ningeweza kuwazaa. Tulipogawanywa wawili wawili, huyu alale kitandani yule akande, walinikwepa. Nani avue nguo mbele ya mtu makamo ya mama yake? Wiki ya pili mmoja akaamka shingo haigeuki, nikamshika dakika kumi, basi, tangu hapo naitwa Somo, kama mwanamke mkubwa anayewafunda wasichana. Mchana tunakula sinia moja. Jioni wanakuja barazani kwangu, wananikaririsha majina ya misuli, nami nawaonyesha singo inavyotwangwa. Masaji yenyewe eti ya Kiswidi, lakini majina ya mikono yake ni ya Kifaransa! Efluraji, petrisaji. Nikamwambia mwalimu hiyo ya kwanza ni kupangusa, ya pili ni kukanda unga. Akacheka, akayaandika ubaoni yote.

Kilichonitoa usingizi ni somo la watu wasiokandwa. Mwalimu alieleza kuwa mzazi, hasa wiki sita za mwanzo, damu yake huganda upesi, na zaidi akiwa kapasuliwa. Mguu mmoja ukivimba, ukapata moto, shavu la mguu likauma, huenda ndani mna donge la damu. Ukilikanda laweza kuchomoka likapanda mpaka mapafuni. Huyo haguswi, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Wenzangu wakawa wanaandika. Mimi kalamu ilinianguka.

Miaka sita nyuma nilimkanda binti wa jirani yangu, kapasuliwa, siku ya 12. Mguu wa kushoto umejaa, ngozi inang'aa, ukiugusa una joto kama chungu kilichoepuliwa punde. Sisi tulisema baridi imemwingia, na baridi hutolewa kwa mikono. Alikuwa akiuma meno, ananiambia, "Taratibu, somo," nami namwambia vumilia mwanangu. Kesho yake alfajiri akasema hapati pumzi. Hawakufika naye hospitali. Tukasema siku yake imefika. Mama yake ndiye aliyenishika mkono msibani akanishukuru kwa kumhudumia mwanawe.

Mwalimu nilimweleza faraghani. Kanijibu kuwa sasa hakuna wa kujua, donge huweza kuchomoka hata bila kuguswa, tena mimi sikuwa na elimu hiyo. Sawa, lakini yeye hakuushika ule mguu. Wenzangu wa barazani wanasema ninyamaze, nitavunja ujirani na kujiharibia kazi. Yule wa shingo tu ndiye hakusema kitu. Siku hizi anawahi kuja, ananioshea vyombo.

Ningenyamaza, Shangazi. Ila mdogo wake marehemu ana mimba ya miezi saba, na mama yao kaniletea doti ya kanga kuniwekea zamu. Mwalimu alituambia kuganda huku kwa damu kwaweza kwenda na ukoo, kwa hiyo kliniki inafaa waambiwe mapema. Waambiwe nini, na nani, kama mimi sijafungua mdomo? Nikisema tu mpelekeni huyu mjamzito akapimwe, mama ataniuliza sababu, na yule mama nikimtazama usoni siwezi kumdanganya.

Nimwambie yote, pamoja na kwamba niliukanda mguu ule huku mwanawe akiniomba taratibu? Au nitaje uvimbe tu, niifiche mikono yangu? Na nikienda, niende peke yangu au na mwalimu? Kanga iko juu ya kabati, sijaikata.