Kongamano la jarida lije kabla ya dedilaini, sio baada

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie haya majarida ya sheria yanayoendeshwa na wanafunzi, maana kila msimu naona matangazo ya wito wa makala yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bango limepambwa vizuri, dedilaini imewekwa kwa herufi kubwa nyekundu, halafu chini kabisa kuna kamstari kamoja kanasema kutakuwa na kongamano la uzinduzi toleo likishatoka. Mi shida yangu iko kwenye hako kamstari.

Niliwahi kukaa kwenye bodi ya wahariri nilipokuwa mwanafunzi, siku hizi ni wakili na bado wadogo zangu wananitumia rasimu zao niwasomee, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua pande zote mbili. Kongamano likija wakati makala zimeshachapwa linageuka kuwa sherehe. Mgeni rasmi anaongea mpaka watu wanaanza kuangalia simu, waandishi wanasimama wanapigiwa makofi, vyeti vinagawiwa, picha ya pamoja, tawanyikeni. Ukiuliza ukumbi mzima nani kasoma makala hata moja watu wanaangalia chini. Na tuseme bahati nzuri akatokea mtu mmoja akauliza swali la kubomoa hoja kabisa, mwandishi atafanya nalo nini sasa? Ni kama fundi anayekupima kiuno wakati suruali imeshashonwa.

Wanaojua kazi yao wanaanzia kule mwanzo. Jarida linatangaza mada, linaomba kwanza ikisiri, yaani muhtasari wa makala, wa nusu ukurasa tu, wahariri wanachagua, halafu waliochaguliwa wanakuja kwenye kongamano na rasimu, na kila rasimu inakabidhiwa mapema kwa mtu mmoja anayelijua eneo hilo, awe profesa, jaji mstaafu, wakili, ofisa wa serikali, yeyote, ili aje aikosoe mbele ya watu. Mwandishi anaongea robo saa, mkosoaji dakika kumi, muda unaobaki ni wa ukumbi. Baada ya hapo mwandishi anarudi kuandika upya ndo anatuma. Marekani majarida mengi yanafanya simpozia ya namna hii na toleo zima linajengwa juu yake, ni mpangilio tu wa kalenda.

Kwa nini nasisitiza hili kwa majarida ya wanafunzi na sio ya maprofesa? Kwa sababu kwenye fani nyingine makala inapelekwa kwa wataalamu wawili watatu wa eneo hilo hilo ndo wanasema ifae au isifae. Kwenye sheria, hasa Marekani, anayeamua ni mwanafunzi. Mila hii ina zaidi ya karne, Harvard Law Review, jarida la wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard, ilianza 1887 na mpaka leo wanafunzi ndo wanachagua, wanahariri, wanagombana juu ya koma. Wengi wameicheka. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, Fred Rodell, mwaka 1936 aliandika makala ya kuyaaga kabisa majarida ya sheria, akalalamika kwamba maandishi ya kisheria yana matatizo mawili tu, jinsi yalivyoandikwa na kilichomo ndani yake, na kichekesho ni kwamba malalamiko yenyewe aliyachapisha kwenye jarida la wanafunzi.

Lakini tusiwadharau hao vijana. Mwaka 1890 mawakili wawili, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipeleka pale Harvard makala kuhusu haki ya faragha, jarida lenyewe lina miaka mitatu tu, na mpaka leo huwezi kuandika kuhusu faragha ukaikwepa. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kabisa kuiona hoja nzuri. Asichoweza kirahisi ni kujua kama hoja hiyo imeshasemwa na mtu mwingine miaka kumi nyuma, au kama kesi uliyoiegemea imeshatenguliwa mahakama ya juu, au kama kifungu unachokishambulia hakuna mtu anayekitumia tena. Hivyo vitu anavijua mtu aliyeko mahakamani kila siku, na huyo mtu hawezi kukaa kwenye bodi ya wanafunzi ila kwenye kongamano anakuja, tena bure, ukimpa chai na nafasi ya kuongea.

Na nyie mnaotuma, nanyi nina neno. Mhariri wa jarida ana makala rundo na mitihani yake pembeni, anachosoma kwanza ni kichwa, ikisiri na kurasa za mwanzo, basi. Hapo akikuta umeanza na "tangu binadamu aanze kuishi katika jamii" umeshampoteza. Mwambie unadai nini kwenye ukurasa wa kwanza, mwambie nani kasema kinyume chako na kwa nini amekosea, mengine yatafuata. Urefu pia, kuna watu wanadhani makala ndefu ndo ya kisomi, ilhali hata hao Harvard wanapendelea isizidi maneno 25,000 pamoja na tanbihi (yale maelezo ya chini ya ukurasa), na majarida mengi ya wanafunzi yanataka fupi zaidi ya hapo kwa mbali. Soma mwongozo wao. Jarida likisema wanaoipitia makala wasijue jina lako basi toa jina kwenye faili, sio ukurasa wa mbele peke yake, kuna ile tanbihi ya kumshukuru msimamizi wako na kuna taarifa zinazojificha kwenye faili lenyewe, na kuna kile kisentensi cha "kama nilivyoeleza katika makala yangu ya awali" kinachokuumbua papo hapo.

Halafu mtindo wa kunukuu, yaani namna ya kuandika vyanzo vyako. Bluebook ya Marekani ipo tangu 1926, OSCOLA ya Oxford nayo inatumika sana, jarida litakwambia linataka ipi. Ukikosea nukta hakuna anayekukataa kwa hilo. Ila elewa kwamba kazi kubwa ya hao wanafunzi baada ya kukukubali ni kufungua chanzo kimoja kimoja ulichotaja, wanatafuta ukurasa, wanasoma, wanaona kama kweli kinasema ulichodai kinasema. Ni kazi ya kuchosha macho sijui kama kuna fani nyingine wanafanya hivi. Kwa hiyo wewe uliyeipa akili mnemba ikutafutie kesi, jua hapo ndipo utakapokamatwa, na bora ukamatwe hapo kuliko mbele ya jaji, New York mwaka 2023 kuna mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, kesi zenyewe hazipo duniani.

Kuhusu kutuma sehemu nyingi kwa wakati mmoja, watu wanaulizana sana hili. Majarida ya wanafunzi ya Marekani yanaruhusu, misimu mikubwa ni kuanzia Februari na tena Agosti, na ukikubaliwa na moja unaweza kuyaandikia mengine kuyaomba yaharakishe uamuzi. Majarida yanayopitiwa na wataalamu kwa kawaida hayataki hiyo kabisa, ukituma kwao unasubiri jibu lao kwanza. Usichanganye. Na ukishakubali mahali, waandikie wengine siku hiyo hiyo uondoe makala yako, kuna wanafunzi wanakesha wanasoma kitu ambacho kimeshachukuliwa.

Nikirudi kwa bodi za majarida, kuna la ukimya. Mtu anatuma makala, anapata imeili ya kujibiwa na mashine kwamba imepokelewa, halafu kimya mwaka mzima. Mara nyingi sio dharau, ni kwamba bodi imemaliza muda wake, mhariri mkuu kahitimu na paswedi ya imeili kaondoka nayo. Wekeni imeili ya jarida, sio ya mtu, na bodi inayotoka ikabidhi orodha ya makala zote zilizo mkononi kwa bodi inayoingia. Hata jibu la mistari miwili kwamba hapana, hatuichukui, linamruhusu mwandishi kwenda kwingine.

Na kwenye tangazo la msimu ujao nawaomba muandike tarehe kwa mpangilio huu: ikisiri, kongamano, halafu angalau wiki sita za mwandishi kurekebisha, ndo dedilaini ya makala kamili. Uzinduzi mkiutaka fanyeni tu, mgeni rasmi aje, ila maswali yawe yameshaulizwa. Mkiweza rekodini vikao na muwape waandishi sauti, maana mtu akiwa mbele anasulubiwa kwa maswali hakumbuki hata nusu ya alichoulizwa.

Ni mimi msomaji wako,
Wakili, aliyewahi kuwa mhariri wa jarida la wanafunzi