Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliye Narvik: habari za Tysfjord

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini baridi ya huko umeanza kuizoea. Katika barua yako ya mwisho ulinieleza kwamba ukisafiri kusini kwa barabara kuu ya E6 unafika mahali paitwapo Skarberget, barabara inaishia majini, magari yanapanda feri, na ng'ambo ya pili, Bognes, safari inaendelea. Ukashangaa pia kwamba mpaka wa manispaa za Narvik na Hamarøy unapita katikati ya maji hayo, mahali ambapo hakuna mtu anayeishi. Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa wako wenzetu wengine kaskazini mwa Norwei wanaovuka hapo bila kujua kwamba mpaka huo ni wa juzi tu. Hadi tarehe 31 Desemba 2019, maji yale na kingo zake zote mbili vilikuwa mali ya manispaa moja ya vijijini iliyoitwa Tysfjord, na kesho yake asubuhi manispaa hiyo haikuwepo tena.

Serikali za mitaa za Norwei zilianzishwa kwa sheria zilizopitishwa tarehe 14 Januari 1837, ambazo ziliwapa wakazi wa kila eneo haki ya kuchagua baraza lao na kujiamulia mambo ya kodi, barabara, shule na matunzo ya maskini. Mwanzoni Tysfjord ilikuwa sehemu ya manispaa ya Lødingen, iliyo upande wa magharibi wa ghuba ya Vestfjord, na mwaka 1869 ikatengwa na kupewa baraza lake. Ukiitazama ramani kwa macho ya leo utajiuliza ni nani aliyechora manispaa yenye hori kubwa, yaani mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, tumboni mwake, lenye kina cha karibu meta 900, lililogawanyika katika mahori madogo mengi yaliyozungukwa na milima mikali. Aliyeichora hakukosea hata kidogo. Zama hizo bahari ndiyo iliyokuwa njia, na watu waliounganishwa na maji ndio waliokuwa majirani. Kanisa la Korsnes lilipojengwa mwaka 1889, waumini walilifikia kwa mashua. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa sana, kwani tunajua kwamba mtu wa kisiwani anaweza kuwa karibu zaidi na mwenzake wa ng'ambo kuliko na aliye nyuma ya kilima.

Kosa la wengi wanaoandika habari za Tysfjord ni kuanza na mwaka huo wa 1869. Pale Leiknes kuna michoro ya wanyama iliyosuguliwa juu ya mwamba, ambayo wataalamu huikadiria kuwa na umri wa takriban miaka 9,000, miongoni mwa michoro ya kale kabisa ya Ulaya ya Kaskazini. Na ndani kabisa ya hori, hasa upande wa Hellemo, Musken na Drag, waliishi na wanaishi bado Wasami wa Lule, tawi mojawapo la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norwei na Uswidi, ambao wana ndugu zao upande wa Uswidi. Kutoka Hellemobotn, mwisho wa hori la Hellemo, hadi mpaka wa Uswidi ni kilomita 6.3 tu, na hapo ndipo Norwei ilipo nyembamba kuliko mahali pengine popote. Mpaka wa dola mbili ulipita juu ya milima ile, lakini undugu uliendelea kuuvuka.

Wembamba huo ulikuwa na maana kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoikalia Norwei. Wakimbizi wengi walipitishwa Tysfjord kwenda Uswidi, na waliowaongoza usiku, juu ya theluji na miamba, mara nyingi walikuwa Wasami wa mahori hayo, wanaume kwa wanawake, ambao walizijua njia hizo kwa sababu ndizo walizopita kila mwaka. Adhabu ya kazi hiyo ilikuwa kifo. Miaka mingi baada ya vita watu hao hawakutajwa sana katika kumbukumbu za taifa, na jambo hili linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu taifa lililookolewa nao lilikuwa wakati huohuo linawafundisha watoto wao kuionea haya lugha ya nyumbani. Maagizo ya serikali ya mwaka 1898 yalikuwa yameruhusu Kisami shuleni kama msaada tu, pale iliposhindikana kabisa kufanya vinginevyo, na siasa hiyo ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwei iliendelea hata baada ya vita. Zipo familia za Tysfjord ambazo wazazi waliacha kusema Kisami mbele ya watoto wao ili watoto wasipate taabu waliyoipata wao.

Upande wa mashariki maisha yalichukua mkondo mwingine. Kjøpsvik ina chokaa nyingi mlimani, na tangu yapata mwaka 1920 kiwanda cha saruji kimekuwa kikifanya kazi pale, kiwanda ambacho husemwa kuwa ndicho cha kaskazini zaidi duniani. Mji mdogo ulikua kukizunguka, wenye mishahara ya kila mwezi, nyumba za wafanyakazi na ofisi za manispaa. Hivyo manispaa moja ikawa na mioyo miwili, mmoja wa saruji Kjøpsvik na mwingine wa Kisami Drag, na feri ikiwa kati yao.

Barabara zilipoanza kutawala, hesabu iligeuka. Maji yaliyokuwa yakiwaunganisha watu yakawa ndiyo kikwazo, na E6, barabara inayopita urefu wa nchi, hadi leo ina feri moja tu, hiyo uliyoipanda. Mkazi wa Drag akawa na njia rahisi zaidi ya kwenda Hamarøy, na wa Kjøpsvik ya kwenda Narvik, kuliko wao kwa wao kukutana. Tysfjord ilinusurika katika wimbi la kwanza la kuunganisha manispaa baada ya vita, lililozipunguza kutoka 744 hadi 454, lakini haikunusurika katika la pili. Mwezi Juni 2017 Bunge la Norwei liliamua kwamba upande wa mashariki uende Narvik pamoja na manispaa ya Ballangen, na upande wa magharibi uende Hamarøy, na uamuzi huo ukaanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2020, siku ambayo manispaa za nchi nzima zilibaki 356. Nyingi ziliunganishwa zikiwa nzima. Tysfjord ni miongoni mwa chache zilizokatwa vipande.

Hoja za waliotaka kuikata nazielewa. Watu wapatao 2,000 waliotawanyika katika zaidi ya kilomita za mraba 1,400 hawawezi kirahisi kulipia madaktari, walimu na nyumba za wazee pande zote mbili za hori. Ila nasikitika kwa ajili ya wakati wake. Mwaka 2006 Tysfjord ilikuwa imeingia katika eneo rasmi la lugha za Kisami, na mkazi akapata haki ya kuhudumiwa na manispaa kwa lugha hiyo. Kituo cha lugha na utamaduni wa Kisami cha Árran pale Drag, kilichofunguliwa mwaka 1994, kilikuwa kimeshakuwa nguzo ya Kisami cha Lule, lugha iliyopata tahajia yake rasmi mwaka 1983 tu na ambayo upande wa Norwei wasemaji wake ni mia chache. Yaani manispaa ilivunjwa katika miaka ileile ilipokuwa imeanza kuwa ya wakazi wake wote. Ni kweli kwamba Hamarøy imeupokea wajibu huo, na sasa inatumia pia jina la Kisami, Hábmer. Lakini Msami anayeishi Kjøpsvik leo ni sauti moja katika manispaa kubwa ya Narvik, yenye mambo yake mengine mengi ya kushughulikia.

Nembo ya Tysfjord ilikuwa kambakochi, kwa sababu katika maji hayo yenye baridi wanaishi kambakochi wa kaskazini zaidi duniani. Sasa nembo hiyo haitumiki tena, na mlima Stetind, uliochaguliwa mwaka 2002 kuwa mlima wa taifa, umehesabiwa upande wa Narvik.

Basi, mpwa wangu, utakapopata likizo usipite tu Bognes. Geuka hadi Drag uone maonyesho ya Árran, uzungumze na wenyeji kwa adabu uliyofundishwa nyumbani, uwaulize wanauonaje mgawanyo huo baada ya miaka hii, kisha uniandikie majibu yao kabla hujaniandikia maoni yako. Mimi nikijaliwa kuja kiangazi, tutafute boti ya kwenda Musken, kwani hadi huko hakuna barabara, na tukipata hali nzuri ya hewa tuendelee hadi Hellemobotn.

Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako