Kwa nini muuzaji wa sonara hakuletei trei nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba wauzaji wa maduka ya dhahabu hapa Dar es Salaam wana dharau, kwa kuwa aliomba kuonyeshwa pete za ndoa akaletewa moja, na ya pili haikutoka kabatini mpaka ile ya kwanza ilipomrudia muuzaji mkononi. Huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi hiyo, kwenye duka lenye matawi kadhaa, na ninakiri kwamba hata mimi ndivyo nifanyavyo. Alichokiona yeye kuwa ni dharau, sisi tulio nyuma ya kioo tunakijua kuwa ni woga wa shoti, yaani mali kupungua kwenye hesabu ya duka.

Kila jioni, kabla ya trei kuingizwa kwenye sefu, tunahesabu mzigo wote kipande kwa kipande, tukisoma kile kikaratasi kilichofungwa kwa uzi chenye uzito na karati. Hesabu isipotimia hakuna anayetoka. Kilichopungua kisipopatikana, thamani yake hugawanywa kwa wauzaji wote wa tawi, awe alikuwapo siku hiyo au alikuwa mapumzikoni, na kila mmoja hukatwa mshahara mpaka deni liishe. Pete ya gramu 5 tu ya karati 22, ile tunayoiita 916 kwa kuwa sehemu 916 katika kila 1,000 ni dhahabu safi, kwa bei ya dhahabu ya siku hizi inavuka shilingi milioni moja hata kabla ya kuongeza ujira wa fundi, na mshahara wangu wa miezi mitatu haufiki hapo.

Mwaka jana ulikosekana mkufu wa karati 21. Tulikuwa wauzaji sita, tukakatwa miezi minne mfululizo, huku kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Siku ya ukaguzi wa mwisho wa mwaka ndipo ilipobainika kwamba msimamizi mwenyewe aliuchukua akaupeleka tawi jingine, ambako bibi harusi mmoja alitaka kuupima pamoja na hereni zake. Ukaandikwa katika daftari la huko, na katika letu hakuna aliyekumbuka kuutoa. Fedha zetu zilirudishwa kwa mafungu, bila neno la pole, na mwenzetu aliyekwisha kuacha kazi kwa sababu ya makato hayo hakupata hata senti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimkatazi mwajiri kufidia hasara kutoka kwenye mshahara, ila inamwekea masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kosa la mfanyakazi huyo, si la zamu nzima. Dukani kwetu sijawahi kuona barua ya namna hiyo, ingawa kamera zimetundikwa kila kona na picha zake hutazamwa na ofisi peke yake.

Ninachoomba kwa wamiliki si kikubwa. Kipande kinachohama tawi kiandikiwe hati yenye saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea, na kabla ya yeyote kukatwa tuonyeshwe picha za kamera za siku hiyo. Wauzaji wenzangu nao wajue kwamba mgogoro wa makato unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Sisi tulinyamaza mpaka muda ukapita, tukidhani tunalinda kibarua.

Na yule msomaji, akirudi dukani, amwambie muuzaji kwamba anataka kulinganisha pete mbili. Mimi nitamletea zote mbili na kiti nitampa, mradi aniruhusu nizipime kwenye mizani mbele yake kabla hajazivaa na tena akishazivua.

Muuzaji wa duka la sonara,
Kariakoo, Dar es Salaam